Mtoto wa mkulima hafiki bungeni peke yake

Kila msimu wa uchaguzi, kuanzia Kilolo hadi Kyela, kuna sentensi moja inayosikika jukwaani kuliko zote: "Mimi ni mtoto wa mkulima kama ninyi." Wananchi hupiga vigelegele, kwa sababu mara nyingi msemaji anasema kweli. Fuatilia maisha ya wanasiasa wengi wa Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, Rukwa na Katavi, utakuta shamba la mahindi, la viazi au la kahawa, watoto wengi ndani ya nyumba moja, shule iliyo mbali na karo iliyopatikana kwa taabu. Mizengo Pinda, aliyezaliwa Mpanda mwaka 1948 na kuwa Waziri Mkuu kuanzia Februari 2008 hadi Novemba 2015, aliifanya sentensi hiyo kuwa jina lake la pili. Hadi leo ukimtaja "mtoto wa mkulima" bila jina jingine, wengi wanajua ni nani.

Lakini sentensi hiyo haielezi jambo tunalotaka kulijua. Katika Nyanda hizi za Juu Kusini karibu kila mtu ni mtoto wa mkulima. Kama wote wana sifa hiyo, kwa nini amepanda huyu mmoja, na wenzake aliosoma nao darasa la saba wakabaki kwenye matuta? Jibu la haraka ni kipaji, bidii na bahati, na vyote hivyo vina nafasi yake. Ila nikiangalia historia ya siasa za ukanda huu, naona kila aliyepanda alibebwa na chombo fulani: shule, ushirika, kazi ya serikali, fedha, au kikao cha chama. Vyombo hivyo vimekuwa vikibadilika. Ndiyo maana mtoto wa mkulima wa mwaka 1958, wa mwaka 1975 na wa leo wamepita njia zisizofanana hata kidogo, ingawa wote wanatamka maneno yaleyale.

Tuanze na wakati ambao hata kupiga kura kulikuwa na masharti. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na kipato fulani, au elimu ya kiwango fulani, au wadhifa uliotambuliwa. Tena alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mkulima wa kawaida wa Rungwe au Uhehe hakuwa hata ndani ya daftari. TANU iliamua kwenye mkutano wake wa Tabora, Januari 1958, kushiriki pamoja na masharti hayo, na Jimbo la Nyanda za Juu Kusini likampeleka John Mwakangale kwenye baraza. Yeye hakupanda kwa uchifu. Alipanda kwa chama, na chama kilikuwa kikitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji kuuza kadi. Januari 1962, Nelson Mandela alipopita Mbeya akitafuta msaada kwa ajili ya mapambano ya kwao, Mwakangale ndiye aliyempokea. Wanaohudhuria Nane Nane pale Uyole wanatembea ndani ya viwanja vyenye jina lake, na nasikitika kwamba vijana wengi wanadhani ni jina tu la mahali.

Chombo kingine cha zama zile kilikuwa ushirika. Mkulima wa kahawa aliyeaminiwa kupima mizani na kutunza hesabu za wenzake alikuwa tayari ameanza siasa, hata kama hakuiita hivyo. Alijifunza kusimama mbele ya watu wenye hasira ya bei, kuandika barua kwa bwana shauri, yaani ofisa wa wilaya wa serikali ya kikoloni, kusafiri hadi makao makuu ya jimbo na kurudi na majibu. Jeremiah Kasambala alitoka katika mazingira hayo ya ushirika wa Rungwe, na baada ya uhuru akaingia baraza la mawaziri la Nyerere akisimamia wizara ya ushirika na maendeleo ya jamii. Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa na serikali mwaka 1976, kisha vikarudishwa kwa sheria ya 1982, vilirudi vikiwa dhaifu. Watu hulalamikia hasara ya mazao pale vilipovunjwa, na wana haki. Nadhani hasara ya pili inasahaulika: kijiji kilipoteza mahali ambapo mtu asiye na fedha wala cheo aliweza kuonwa na maelfu ya wakulima wa kata nyingi kwa wakati mmoja.

Machifu nao hawakutoweka mara moja. Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa aliyewasumbua Wajerumani hadi 1898, alikuwa chifu wa Wahehe kabla ya kuwa Spika wa Bunge. Alikishika kiti hicho kuanzia 1962 hadi 1973, kisha tena kuanzia 1975 hadi 1994. Mamlaka ya machifu kisheria yaliondolewa mwaka 1963, lakini heshima ya jina haifutwi na sheria. Namtaja kwa sababu anaonyesha upande wa pili wa hadithi yetu: kipindi kilekile ambacho mlango ulifunguliwa kwa watoto wa wasiojulikana, ulibaki wazi pia kwa wenye jina. Tofauti ni kwamba sasa wote wawili walipaswa kuwa na kadi ya chama kimoja.

Kisha kuna shule, na hapa lazima nikae kidogo.

Malangali ilianza mwaka 1928 katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Mufindi. Misheni ya Wamoravian ya Rungwe ilikuwapo tangu 1891, na Wakatoliki walikuwa Tosamaganga tangu mwishoni mwa karne hiyohiyo. Shule hizi na nyingine zilizofuata, kama Loleza, Iyunga na Sangu kule Mbeya, Lugalo na Mkwawa kule Iringa, zilifanya kazi mbili. Ya kwanza inajulikana: zilifundisha. Ya pili haisemwi sana: zilimtoa mtoto katika bonde lake na kumlaza bweni moja na watoto wa mabonde mengine. Mnyakyusa, Mkinga, Mhehe, Msafwa na Mbena walikula ugali mmoja na kugombana kwa Kiswahili. Mtoto aliyekuwa kiranja wa bweni alitoka pale akijua watu wa wilaya nne au tano. Miaka ishirini baadaye, mmoja wao ni ofisa kilimo, mwingine mchungaji, mwingine karani wa mahakama, na mmoja anachukua fomu ya ubunge. Anapofika kwenye wilaya ya wenzake haombi kutambulishwa.

Azimio la Musoma la 1974 na mpango wa elimu ya msingi kwa wote uliokamilishwa 1977 vilitawanya watoto darasani kwa wingi ambao haujawahi kuonekana. Pamoja na hayo kikazaliwa cheo kipya cha heshima kijijini: mwalimu wa shule ya msingi. Yeye ndiye aliyeandika barua za watu, aliyesoma matangazo, aliyekuwa katibu wa kila kamati. William Lukuvi, aliyeingia bungeni kwa Jimbo la Isimani mwaka 1995 na baadaye kuwa Waziri wa Ardhi kwa miaka kadhaa, alianza kazi kama mwalimu wa shule ya msingi. Ukimuuliza mtu wa Iringa kwa nini walimu wengi waliingia siasa, atakujibu kwamba wao ndio waliojua majina ya kila kaya. Naafiki.

Shule za kata zilizojengwa kwa wingi tangu 2006, na elimu bila ada hadi kidato cha nne iliyoanza Januari 2016, zimeokoa familia nyingi kutoka kwenye deni la karo. Sitaki yeyote anielewe vibaya juu ya hilo. Lakini shule ya kata ni ya kutwa kwa sehemu kubwa. Mtoto wa Umalila, mkoani Mbeya, anasoma na watoto wa Umalila, analala kwao, na anamaliza akiwa na mtandao wa kata moja. Anayepata bweni na chuo kikuu, aghalabu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi 2005, anapata pia watu. Huyo wa kata anaweza kuwa na akili sawa na yeye na asijulikane upande wa pili wa mlima.

Kutojulikana huko ndiko kunakoleta swali ambalo vijana huniuliza mara kwa mara: kwa nini nisianzie chini, kitongoji, kijiji, kata, nikapanda hatua kwa hatua hadi bungeni? Kwenye karatasi njia hiyo iko wazi kabisa. Sheria Namba 7 ya 1982 inampa kila mkazi mtu mzima nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kukaa angalau kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25. Juu yake kuna kata na diwani wake, na madiwani wa wilaya huchagua mmoja wao kuwa mwenyekiti wa halmashauri.

Tuseme kijana mmoja wa Umalila, anayelima viazi na pareto, amechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kijiji. Atajifunza siasa halisi kuliko mtu yeyote anayeisoma kwenye vitabu. Atasuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba kati ya ndugu wasiosalimiana. Atasimamia orodha ya mbolea ya ruzuku na orodha ya kaya za TASAF, na kwenye kila orodha ataongeza adui. Atachangisha fedha za darasa na kuulizwa ziko wapi hata kabla hazijakusanywa. Kazi hiyo haina mshahara. Mtendaji wa kijiji anayeketi pembeni yake analipwa na serikali, yeye halipwi. Msimu wa kupanda ukifika, kila siku ya kikao ni siku iliyotoka shambani kwake. Mwenyekiti maskini na mwaminifu anachoka baada ya muhula mmoja au miwili. Mwenyekiti anayebaki muda mrefu mara nyingi ana kipato kingine, duka, mashine ya kusaga, lori la kukodisha, au amejitafutia njia ambazo wanakijiji wanazinung'unikia.

Tuseme amevumilia na amekuwa diwani. Sasa ana posho, anaingia vikao vya wilaya, jina lake liko kwenye mihutasari. Hapo ndipo anapokutana na pengo ambalo naliona kuwa gumu kuliko yote: kutoka kata hadi jimbo. Jimbo la vijijini lina kata nyingi, na jiografia ya huku haisamehe. Chukua Ludewa. Diwani wa kata ya mwambao wa Ziwa Nyasa anaweza kupendwa na kila mvuvi wa Lupingu na Manda, lakini wakulima wa Mlangali na Lugarawa, juu milimani, hawajawahi kumwona. Kufika kwao kunahitaji gari, mafuta, siku kadhaa na watu wa kumtangulia. Mbunge aliyepo naye ni mjumbe wa halmashauri hiyohiyo, anaketi chumba kimoja na madiwani wake, na anajua vizuri ni yupi kati yao anayelitazama jimbo. Kumpunguzia makali hakumshindi.

Kwa hiyo wengi wa waliofika juu hawakupanda hatua zote. Waliondoka, kisha wakarudi. Pinda alisoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafanya kazi serikalini na Ikulu kwa miaka mingi, ndipo akaenda Mpanda kuomba ubunge. Harrison Mwakyembe alikuwa mwanasheria na mhadhiri kabla ya kuwa mbunge wa Kyela, na ndiye aliyeongoza kamati ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Taarifa ya kamati hiyo ilisababisha Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu Februari 2008, na nafasi yake ikachukuliwa na mtoto wa mkulima kutoka Mpanda. Tulia Ackson, mzaliwa wa Rungwe, alikuwa mhadhiri wa sheria, akateuliwa Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali mwaka 2015. Mwaka huohuo Rais Magufuli akamteua kuwa mbunge, katika zile nafasi 10 ambazo Katiba inampa Rais, na Bunge likamchagua kuwa Naibu Spika. Jimbo la Mbeya Mjini alilipata baadaye, 2020. Februari 2022 akawa Spika, na Oktoba 2023 akachaguliwa kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani.

Angalia mpangilio huo: cheo kwanza, jimbo baadaye. Sisemi hivyo kumpunguzia mtu heshima yake. Nasema kwa sababu anayemwambia binti wa Tukuyu kwamba njia ya kufika kule ni kuanza na kitongoji anampa ramani isiyo sahihi.

Anayerudi kutoka mjini ana deni moja la kulipa haraka, nalo ni misiba. Huku kwetu aliyekosa msiba wa jirani anakumbukwa kwa hilo kuliko kwa hotuba zake zote. Mwenye nia ya jimbo huanza kulipa deni hilo miaka mitatu au minne kabla ya uchaguzi. Anatuma rambirambi, anagharimia jeneza, anasafirisha waombolezaji, anaacha mtu wake kila kata wa kumpigia simu mzee anapofariki. Kanisani anachangia mabati, msikitini anachangia saruji, shuleni analeta mipira na jezi. Wananchi wanasema "ni mtu wa watu". Wapo wanaofanya hivyo kwa moyo, nami nawaheshimu. Lakini mfumo wenyewe umekaa hivi: anayeweza kuzika watu wa kata zote kwa miaka mitatu ni mwenye fedha au mwenye wenye fedha nyuma yake. Mfanyabiashara wa mbao wa Mufindi, mwenye mashine ya mpunga Mbarali, mwenye mabasi Makambako, hawa hawahitaji kuwa wagombea wenyewe ili wawe na mbunge.

Sheria imehangaika na suala hili kwa miaka mingi. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa kawaida wa mgombea kwa wapiga kura. Aprili 2006 Mahakama Kuu ikaifuta, ikiona kwamba inamnyima asiye na kitu haki ya kushindana sawa. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Upande wa serikali, kuingia kwenye kinyang'anyiro ni rahisi: wadhamini 25 na dhamana ya Sh50,000. Upande wa chama ndiko gharama ilikopanda. Fomu ya kuomba kuteuliwa na CCM kugombea ubunge ilikuwa Sh100,000 mwaka 2020, ikawa Sh500,000 mwaka 2025. Kwa mkulima wa viazi hiyo ni magunia, na ni mwanzo tu wa matumizi.

Sasa tufike kwa wajumbe.

Katika majimbo mengi ya vijijini ya ukanda huu, anayepitishwa na CCM ndiye anayekwenda bungeni. Uchaguzi wenyewe wa Oktoba unakuwa umeshaamuliwa miezi kadhaa nyuma, ndani ya ukumbi wa shule au wa chama. Kwa hiyo swali la nani anapanda linageuka kuwa swali la nani anapiga kura za maoni, yaani kura za ndani ya chama za kupendekeza mgombea. Mwaka 2010 na 2015 wanachama walipiga kura hizo kwenye matawi yao. Mwaka 2020 chama kilirudi kwa wajumbe wa mkutano wa jimbo. Wanachama zaidi ya 8,000 walichukua fomu kwa majimbo 264, kila mmoja akapewa dakika chache za kujieleza mbele ya wajumbe, na kura zikahesabiwa hadharani. Wapo waliotembea na ahadi za mamia ya watu na wakaondoka na kura moja. Nchi nzima ikaanza kusema "wajumbe si watu wazuri", na usemi huo haujafa hadi leo.

Mimi nadhani wajumbe wamebebeshwa lawama isiyo yao peke yao. Mjumbe ni mkulima yuleyule, ni mama wa vikoba, ni balozi wa shina aliyefanya kazi ya chama miaka ishirini bila kulipwa chochote. Kwa siku moja kila baada ya miaka mitano, watu wenye magari wanamtafuta hadi shambani. Wakati mwingine wanakuja na bahasha. Akipokea za watu watano, kura yake bado ni moja, na wanne watamwita msaliti. Panapokuwa na wajumbe wachache, kila mmoja anakuwa na bei. Wakiongezeka, kuwahonga wote kunakuwa kugumu zaidi, lakini hapo mgombea asiyejulikana anahitaji fedha zaidi za kuwafikia. Mwaka 2025 CCM ilipanua idadi ya wapiga kura hao, huku majina yakichujwa kwanza na Kamati Kuu kabla hayajarudi kwao. Na hata anayeongoza hana uhakika. Vikao vya juu vinaweza kumkata na kumteua wa pili au wa tatu, kama ilivyotokea kwenye majimbo kadhaa mwaka 2020.

Hii ndiyo sehemu ambayo hadithi ya mtoto wa mkulima haiigusi kamwe jukwaani. Anayeisimulia amepita kwenye vichujio viwili: cha wajumbe wanaomjua, na cha viongozi ambao pengine hawajawahi kukanyaga kijijini kwake. Anapofika bungeni anajua wote wawili wanaweza kumrudisha nyumbani. Unapomshangaa mbunge wako asiyepinga jambo ambalo jimbo zima linalilalamikia, anzia hapo.

Miji imekuwa na mkondo wake. Mbeya Mjini na Iringa Mjini zilikwenda upinzani mwaka 2010 na tena 2015. Joseph Mbilinyi, Sugu, hakubebwa na ushirika, chuo wala wizara. Alibebwa na muziki wa kizazi kipya. Vijana wa Mwanjelwa, Soweto na Kabwe walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura, na alipopanda jukwaani kwa tiketi ya CHADEMA hakuhitaji mtu wa kumtambulisha. Iringa, Peter Msigwa alikuwa mchungaji, na mimbari ilimpa alichokosa diwani wetu wa mwambao: watu wengi wanaokusikiliza kila wiki bila kudai nauli. Mjini wapiga kura wamebanana, bodaboda inakuzungusha jimbo zima kwa siku moja, na maneno yanasafiri bure. Gharama ya njia hiyo ilikuja kwa namna nyingine. Februari 2018 Sugu alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno dhidi ya Rais, akatoka Mei. Mwaka 2020 viti vyote viwili vikarudi CCM.

Wanawake wanastahili makala yao peke yao, lakini siwezi kuwapita. Kati ya maspika wa Tanzania, wanawake ni wawili, na wote wametoka nyanda hizi. Anne Makinda wa Njombe aliingia bungeni mwaka 1975 akiwa msichana wa miaka ishirini na ushee. Alikuja kuwa mbunge wa jimbo, Njombe Kusini, mwaka 1995, na Spika kuanzia 2010 hadi 2015. Tulia tumeshamwona. Wote wawili walikaa bungeni kabla ya kuwa na jimbo, na sioni kama ni jambo la bahati. Katika koo nyingi za huku ardhi hupita kwa wana wa kiume, na binti aliyeolewa huulizwa swali asiloulizwa kaka yake: kwenu hasa ni wapi? Akigombea alikozaliwa anaambiwa ameshaolewa. Akigombea alikoolewa anaambiwa si wa hapa. Viti maalumu na uteuzi vimewapa wanawake wengi njia ya kulikwepa swali hilo hadi jina lao likawa kubwa kuliko swali lenyewe.

Na ramani nayo inapandisha watu. Njombe na Katavi zilipokuwa mikoa mwaka 2012, na Songwe mwaka 2016, hazikuongezeka ofisi za mkuu wa mkoa tu. Kila mkoa mpya una mwenyekiti wa chama wa mkoa, katibu wake, wajumbe wa vikao vya taifa, viti maalumu vyake. Mtu aliyekuwa wa sita kwa nguvu katika Iringa ya zamani alijikuta wa kwanza au wa pili Njombe. Anayetaka kuelewa kwa nini madai ya kugawa mikoa, wilaya na majimbo hayaishi, asiishie kwenye hoja ya kusogeza huduma karibu na wananchi, ingawa nayo ni ya kweli.

Kuna aliyeonyesha kwamba njia hii ina upande wa kurudi pia. Philip Mangula wa Njombe alikuwa Katibu Mkuu wa CCM kuanzia 1997, kwa takriban muongo mmoja. Alipoondoka kwenye kiti hicho alirudi kwao kulima, na wenzake walioishi kwa kutegemea vyeo hawakuamini. Novemba 2012 chama kikamfuata na kumpa umakamu mwenyekiti wa Bara, akaushika hadi 2022. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa vyeo vyenyewe. Mwanasiasa mwenye shamba linalomlisha anaweza kusema hapana, na wapiga kura wangekuwa na faida kubwa kama wangemuuliza kila mgombea: ukikosa kiti hiki, utaishi kwa nini?

Linabaki suala la mlango wenyewe. Katiba, Ibara ya 67, inamtaka mgombea ubunge awe raia wa miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Hayo ya kwanza mkulima yeyote wa Mbozi anaweza kuyatimiza. La mwisho ndilo linalomfikisha kwa wajumbe na Kamati Kuu. Aliyelipinga kuliko wote alitoka hukuhuku: Mchungaji Christopher Mtikila, mzaliwa wa Ludewa. Oktoba 1994 Mahakama Kuu ilikubaliana naye kwamba mgombea binafsi ana haki ya kusimama, lakini Bunge likabadilisha Katiba kuizuia hukumu hiyo. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni jambo la kuamuliwa na Bunge. Akaipeleka kesi kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki za raia wake, ikaiagiza irekebishe Katiba na sheria zake. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015. Uchaguzi wa mwaka huo, wa 2020 na wa 2025 yote ilifanyika kwa sharti lilelile, na kijana wa Ludewa anayetaka kuwatetea wakulima wenzake bungeni bado anaanzia kwa kuomba kadi.